Dagaa Kilo Nne na Springi Moja

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hilo ndilo lililoniponza. Mwalimu wa hesabu akiona kitu kina vipimo, anajiona tayari ni fundi.

Marehemu baba alituachia Land Rover Series III ya petroli, cc 2286, silinda nne. Gari hizi ziliacha kutengenezwa mwaka 1985, kwa hiyo hapa Kigoma spea zake huendi kununua, unaenda kutafuta kama anayetafuta mbuzi aliyekata kamba. Siku moja tukatoka nayo Kalinzi, imeshiba mikungu ya ndizi, ikachemsha. Nikasema itapoa njiani. Tulipofika Mwandiga ilikuwa inatoa moshi mweupe nyuma, mpaka bodaboda waliotufuata wakawasha taa saa nane mchana.

Fundi wangu wa Mwanga akaifungua, akachungulia, akaguna. Hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini kinachobeba valvu, milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, ilikuwa na ufa, valvu hadi valvu.

"Mwalimu, hii tuizike. Katafute nyingine. Na ukiipata, usitoe hela mpaka tuioshe."

Maneno hayo ya mwisho niliyasikia vizuri kabisa. Nayaandika hapa ili mjue kwamba niliyasikia.

Ujiji kuna mzee mmoja anauza vyuma vya zamani chini ya mwembe. Nilimkuta na hedi mbili. Nikamwamkia, nikamtania kama vyuma vile vimeachwa na Stanley alipokuja kumtafuta Livingstone mwaka 1871. Mzee hakucheka. Alikuwa ananipigia hesabu.

Hedi ya kwanza ilikuwa kavu, ina kutu ya juu juu na masizi meusi kwenye vyumba vya kuchomea. Ya pili ilitolewa kwenye gunia kwa heshima zote, imepakwa grisi nene mwili mzima kama mtoto anayepelekwa kliniki siku ya baridi.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilishasoma kwamba uso wa hedi unapimwa kwa kulaza rula iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana, kisha kona kwa kona, halafu unachungulia mwanga chini yake. Ukiona mwanga, unapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kujua pengo ni kubwa kiasi gani. Likifika kama sehemu moja ya kumi ya milimita, hedi ikachongwe. Fila geji sikuwa nayo. Nilikuwa na rula ya ubaoni, ile ya mbao ya mita moja, nimeibeba mgongoni kwenye bodaboda kutoka shuleni kama mkuki.

Nikailaza juu ya hedi kavu, nikainama. Mwanga! Katikati palikuwa na pengo ambalo sisimizi angepita bila kuinama. Nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Nikahamia ile ya grisi. Giza. Nikageuza kona kwa kona. Giza tupu.

"Umeona mwenyewe," mzee akasema. "Hii imetunzwa kama Liemba. Mjerumani alipoizamisha meli ile mwaka 1916 aliipaka mashine zake grisi. Mwingereza akaja kuitoa ziwani mwaka 1924, mashine nzima! Mpaka leo watu wanaisimulia. Grisi, mwanangu, ni amana."

Mtu wa Kigoma ukimtajia Liemba umeshammaliza. Nikatoa 180,000 pale pale. Bodaboda akaiinua ile hedi mara moja tu, akaiweka chini, akadai nauli ya abiria wawili.

Gereji, fundi hakuniuliza bei. Alichukua petroli na brashi akaanza kuosha, na kila grisi ilivyotoka ndivyo nilivyozidi kukaa kimya. Kisha akapaka mafuta ya taa juu ya uso wote, akangoja, akafuta mpaka ukakauka, akaniambia nitoe chaki. Chaki ninazo daima mfukoni. Akaisaga, akanyunyiza unga wake juu ya hedi, tukakaa tukiuangalia kama watu wanaosubiri mwezi wa Ramadhani.

Kazi yenyewe ni rahisi: mafuta ya taa yakishaingia kwenye ufa hayafutiki, yanabaki ndani. Ukiweka chaki, yanapanda juu taratibu na kuilowesha. Silinda ya tatu, katikati ya valvu mbili, ukatokea mstari mwembamba kama unywele. Ukarefuka. Yaani nimenunua ugonjwa ule ule niliokuwa nao nyumbani, na chaki yangu mwenyewe ndiyo iliyoniandikia.

"Lakini imenyooka," nikasema. Mtu huwezi kuondoka mikono mitupu.

Fundi akaomba rula yangu. Akailaza juu ya kioo cha meza. Ilisimama kwa ncha zake mbili, katikati imejikunja juu kama daraja. "Mwalimu, rula yako ndiyo imepinda. Kule kwenye hedi kavu umepima rula. Huku kwenye grisi, grisi imekuzibia mwanga."

Nina miaka mitatu nachora kwa rula ile. Kuna kizazi kizima cha kidato cha pili ambacho mistari yake sambamba itakuja kukutana mahali fulani. Nawaomba radhi.

Nilirudi Ujiji na sura ya msiba. Mzee akakubali kubadilishana, ila nikaongeza 40,000, "kwa sababu hii kavu ndiyo nzima." Hivyo ndivyo alivyosema, bila aibu, na nikalipa. Kwa rula ya chuma ya fundi, hedi ile ilikuwa tambarare kama maji ya ziwa alfajiri. Chaki haikuonyesha kitu. Tukaigeuza, tukamwaga petroli kwenye vyumba vyake vinne na kuangalia kama itavuja kwenye matundu ya hewa: valvu moja tu ndiyo ilikuwa inalia machozi. Ya kusaga hiyo, fundi akasema, haina shida.

Zikabaki springi. Valvu nane, kila moja ina springi mbili, ya nje na ya ndani, jumla 16. Fundi alinipa nikazisafishe nyumbani, akanitahadharisha kwamba yenye vidoa vya kutu niiweke pembeni, maana hukatikia hapo hapo. Kuzisafisha, alisema. Kupima hakusema.

Mke wangu anauza dagaa pale nje, na ana mizani ya saa ya kilo 50. Unaona nilivyofikiri. Springi iliyochoka inasukumika kwa nguvu ndogo. Nikazisimamisha za nje moja moja juu ya mizani, nikazikandamiza kwa kipande cha ubao mpaka zifike kimo kimoja nilichokiwekea alama, nikasoma kilo. 20. 20 na nusu. 20 tena. Nikachora na jedwali. Saba zikaisha, roho yangu ikarudi.

"Mizani, Mwalimu! Mteja anawahi treni!"

"Moja tu, mama watoto."

Ya nane niliikandamiza kwa haraka na viganja vina grisi. Ikapinda kiuno taratibu, ikaniangalia kama inaniaga, ikachomoka. Nilisikia bati la paa, *ngwa!*, halafu kimya. Nikatafuta chini ya kreti, kwenye karai, hadi kwenye kiota cha kuku, ambaye alinidonoa. Mke wangu akaja akachukua mizani bila kuniangalia, akampimia mteja kilo nne kutoka kwenye gunia lililokuwa wazi chini ya lile bati. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti naongea na kuku.

Keshokutwa yake simu ikaita. Mke wangu akaweka sauti ya nje.

"Dada, mimi yule mteja wako wa Tabora. Dagaa wako watamu, Mungu akubariki, lakini kuna mmoja amenishinda kutafuna."

"Yukoje?"

"Kajikunja. Hana kichwa wala mkia."

Mke wangu akanigeukia polepole sana.

"Dada," sauti ikaendelea, "mimi nimelipia chuma kwa bei ya dagaa. Kama ndiyo mtindo wenu mpya huko Kigoma, niambie nihame soko."

Ilibidi mteja arudishiwe hela ya dagaa waliopungua kwenye kilo zake nne, pamoja na ya kutolea, na zote zilitoka mfukoni mwangu. Nikamwomba kwa unyenyekevu mkubwa asiitupe, maana springi ya Land Rover si kitu cha kuokota. Akampa kijana aliyekuwa anapanda treni kuja huku. Ikashuka stesheni ya Kigoma imefungwa kwenye karatasi ya daftari, inanuka kitoweo. Kijana naye nikampa ya soda.

Nikaikimbiza gereji. Fundi akazipanga springi zote nane za nje juu ya kile kioo cha meza, akalaza rula yake ya chuma juu ya vichwa vyao. Kwenye saba ilikaa sawa. Juu ya ile ya Tabora mwanga ulipita, milimita mbili nzima, na safari hii rula haikuwa na kosa.

"Hii imechoka," akasema. "Ndiyo ilikuwa ya kutupa."

Akairusha kwenye pipa la chuma chakavu. Paka wa gereji akaifuata.