Heinrich Wieland: kubaki kwake kulifaa nini?

Mwaka 1924 Richard Willstätter, Myahudi na mshindi wa Nobel, aliacha uprofesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Munich akipinga chuki dhidi ya Wayahudi iliyokuwa imewaingia wenzake. Mwaka uliofuata nafasi yake ilichukuliwa na Heinrich Wieland, mkemia Mjerumani mzaliwa wa Pforzheim. Mmoja aliondoka, mwingine akaingia mlango uleule. Nani alitenda haki?

Kwenye kemia Wieland hana wa kumtilia shaka. Alipewa Nobel ya 1927 kwa utafiti wa asidi za nyongo, zinazosaidia mwili kumeng'enya mafuta, ingawa umbo la molekuli alilolichora halikuwa sahihi. Vipimo vya eksirei vya mwanasayansi Bernal vilipofichua kasoro mwaka 1932, Wieland mwenyewe alishiriki kulirekebisha. Maprofesa wangapi hukubali hivyo baada ya kuvishwa taji?

Doa lake ni la zamani zaidi. Mwaka 1917 na 1918 alikuwa Berlin, katika taasisi ya mkemia Fritz Haber iliyoshughulikia gesi za sumu za vita. Kwa hiyo tusimfanye malaika.

Wanazi walipowafungia vyuo vijana wenye damu ya Kiyahudi, Wieland, aliyebaki kwenye uprofesa wake, aliwapokea maabara kwake kwa jina la "wageni wa Geheimrat", yaani wageni wake yeye, kwa cheo chake cha heshima. Wanaomlaumu watasema: umaarufu wake uliupa utawala ule sura ya ustaarabu, na wema wa chinichini haukuugusa mfumo. Hoja hiyo ina uzito, na kujiuzulu kwa Willstätter kulikuwa na usafi ambao Wieland hakuupata. Lakini profesa aliyekwisha kuondoka asingekuwa na maabara ya kumfichia mtu. Mimi naegemea upande wa Wieland, kwa shingo upande, kwa sababu hifadhi iliyotegemea jina la mzee mmoja ilikuwa nyembamba mno.

Mmoja wa wageni hao, Hans Leipelt, alikamatwa mwaka 1943 baada ya kusambaza kipeperushi cha Waridi Jeupe, kundi lililowapinga Wanazi, na kumchangia fedha mjane wa Profesa Kurt Huber, aliyeuawa na utawala huo. Oktoba 1944, mjini Donauwörth, Wieland mwenye miaka 67 alikwenda mahakamani kumtolea ushahidi wa utetezi. Leipelt alihukumiwa kifo, akauawa tarehe 29 Januari 1945.