Folda za mfumo wako ziseme biashara inafanya nini

Mwaka 2024 Tigo ilipogeuka Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, mifumo mingi ya kompyuta hapa Dar es Salaam ilibidi ibadilishwe, japo kwa jina tu kwenye kitufe cha kulipia. Mabadiliko madogo kama hayo yanafichua mradi uliopangwa vibaya. Jina lile lile liko kwenye kontrola (faili inayopokea ombi la mtumiaji na kuamua lifanyiwe nini), kwenye modeli (faili inayoshughulikia data), kwenye ukurasa wa risiti, na kwenye faili fulani ndani ya folda ya "vitu vya jumla" ambayo hakuna anayejua iliingiaje.

Wengi wetu tunaoandika mifumo tunaanza na Laravel, kiunzi cha kujengea mifumo ya wavuti kwa lugha ya PHP, na kuuacha mpangilio kama tulivyoukuta: kontrola zote mahali pamoja, modeli zote mahali pamoja, kurasa zote mahali pamoja. Kwa mradi mdogo, sawa kabisa. Lakini mfumo wa duka la jumla Kariakoo ukishakuwa na stoo, mauzo, madeni na malipo ya simu, kijana aliyeajiriwa juzi akiagizwa kurekebisha malipo atazunguka folda nne kabla hajaandika mstari mmoja. Muda huo analipwa na mwenye duka.

Mimi nasimama hapa: folda ya kwanza anayoiona mtu iitwe Malipo, Stoo, Madeni. Kontrola, modeli na majaribio ya malipo yakae ndani ya Malipo. Laravel haikukatazi. Django, kiunzi cha lugha ya Python kilichotolewa 2005, yenyewe inakuelekeza huko, kwani inaugawa mradi katika programu ndogo, kila moja na modeli zake. Na hoja yenyewe ni ya zamani: mwanasayansi wa kompyuta David Parnas aliandika mwaka 1972 kwamba kila sehemu ya programu ifiche uamuzi unaoweza kubadilika, ili ukibadilika zisiguswe nyingine. Kwetu hakuna kinachobadilika kama malipo.

Najua pingamizi: kuna vitu vinavyotumika kila mahali, kama kupanga tarehe au kuandika shilingi. Ndiyo, vipewe folda yao, ila kitu kisiingie humo mpaka sehemu mbili ziwe zinakihitaji kweli. Folda ya jumla isiyolindwa hugeuka jalala.

Kama mradi tayari umekua, usiuvunje wote wikiendi moja. Anza na Malipo peke yake. Hamisha faili, rekebisha tu zinapotajwa kwa mahali pake pa zamani, hifadhi kwenye Git (chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya kodi), ndipo uanze kubadili yaliyomo; ukichanganya yote mawili, Git inaweza kushindwa kutambua kuwa ni faili ile ile, na historia yake ikawa ngumu kufuata. Na chunga herufi kubwa na ndogo kwenye majina. Kompyuta yako ya Windows haitofautishi malipo na Malipo, ila seva ya Linux inatofautisha, na mfumo uliofanya kazi vizuri mezani kwako unaweza kugoma mara tu ukiupandisha.