Google na habari ya moto: bora iwahi au bora isubiri?

Kila Januari zikianza tetesi kwamba matokeo ya kidato cha nne yanatoka, watu wanaingia Google kwa mkupuo, wazazi, watahiniwa, walimu, wajomba walioko Muscat, na kinachokuja juu mara nyingi ni blogu zilizoshaandika "Matokeo haya hapa, bofya" wakati Baraza la Mitihani (NECTA) hawajatangaza chochote. Unabofya unakuta matangazo, chini yake maelezo marefu ya jinsi ya kuangalia matokeo, halafu mwisho kabisa linki ya kukupeleka NECTA kwenyewe, ambako siku yenyewe ikifika napo panaelemewa hapafunguki. Hili linaniuma kwasababu huyo mtoto ana presha tayari na bando lenyewe la kuungaunga.

Ila tuwe fea, hii haraka tuliitaka wenyewe. Septemba 11, 2001 Marekani iliposhambuliwa watu walikimbilia Google wakakuta haina kitu, maana enzi hizo ilikuwa inachukua wiki kadhaa kurudi kuzisoma kurasa upya, ikabidi wabandike tangazo ukurasa wa mbele kwamba anayetaka habari za sasa hivi akaangalie TV au asikilize redio. Mhandisi wao Krishna Bharat akaanza kutengeneza Google News kutokana na siku ile, ikatoka 2002. Alipofariki Michael Jackson 2009 jina lake lilitafutwa kwa wingi mpaka mashine ikadhani imevamiwa, kwa kama dakika 25 baadhi ya watu wakawa wanapewa ujumbe wa samahani badala ya habari. Ndo 2011 wakabadilisha mfumo ili kwenye mada za moto kurasa mpya zipande, wenyewe walisema itagusa kama asilimia 35 ya utafutaji. Na kwenye mafuriko au kimbunga hiyo spidi inaokoa watu kweli, sina ubishi nayo.

Shida iko kwenye yale masaa ya kwanza ambapo kila mtu anauliza na hakuna anayejua. Oktoba 2017 watu walipigwa risasi kwenye tamasha Las Vegas, polisi hawajamtaja mhusika, huko 4chan, jukwaa la mtandaoni ambako watu wanaandika bila kujitaja majina, wakamtaja mtu ambaye hahusiki kabisa, na posti yao ikatokea kwenye habari kuu za Google. Sababu yenyewe ni nyepesi mno, lile jina kabla ya hapo lilikuwa halitafutwi, hakuna kurasa za maana za kushindana nayo, kwahiyo kurasa yoyote mpya yenye jina hilo inapanda tu hata kama ni ya uzushi. Yule mtu wa watu jina lake likachafuka bila kosa.

Wapo wanaosema basi Google isubiri taarifa rasmi. Hapo mimi nakubali nusu. Machi 2021 Rais Magufuli alikuwa hajaonekana hadharani tangu Februari 27, Machi 12 Waziri Mkuu Majaliwa akiwa Njombe akasema Rais yupo na anachapa kazi, Machi 17 usiku Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, akatangaza kifo. Aliyefuata taarifa rasmi peke yake alibaki gizani mpaka usiku ule. Lakini aliyefuata tetesi naye alipelekwa Nairobi, akapelekwa India, wakati tangazo lilisema amefia hospitali ya Mzena, Dar. Sasa hapo mashine ikuwekee nani juu?

Kwangu mimi jibu zuri ni lile Google walilolianza kule Marekani 2021, ukitafuta jambo ambalo ndo kwanza linatokea inakwambia matokeo haya yanabadilika haraka, vyanzo vya kuaminika vinaweza kuchelewa, rudi baadaye. Hiyo haifichi tetesi wala haizipi cheo. Nataka niione kwa Kiswahili, na nataka niione Januari juu ya zile blogu.

Na taasisi zetu nazo zibadilike. Mambo yanawaka halafu taarifa kwa umma inatolewa kama picha ya barua yenye muhuri, inawekwa Instagram basi, kwenye tovuti yao habari ya mwisho ni ya semina ya mwaka jana, alafu tunashangaa mtu akitafuta anakutana na mzushi kwanza. Yaandikeni maneno yale yale kwenye tovuti, kama maandishi, na saa iliyotolewa iwekwe.