Jino Moja la Pinioni

Matairi makubwa niliyapenda kwa macho tu, sina cha kujitetea. Hilux niliinunua ikiwa tayari imevalishwa 285/75R16, tairi ambalo likisimama lina milimita 834 hivi, wakati 205R16 ya kiwandani ina kama 742. Nikipita Ngamiani, hapa Tanga mjini, watu walikuwa wanageuka kulitazama gari, nami nageuka kuwatazama wanavyolitazama.

Raha iliishia mlima wa Amani. Kazi yangu ni kupandisha saruji na bati, nateremka Muheza na ndizi na viungo. Siku hiyo nilikuwa na mifuko 18 nyuma. Gia ya pili haivuti, ya kwanza inalia kama mbuzi wa Idi, na kabla sijafika nusu ya mlima harufu ya klachi imejaa kabini. Kila niliyemsimulia alikuwa na jibu: pampu, nozeli, injini imechoka. Nozeli nilisafisha. Klachi nilibadilisha. Mlima ukabaki palepale.

Mzee mmoja wa gereji hapa Tanga ndiye aliyenitoa gizani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akalitazama tairi kwa muda kisha akaniuliza, "Mwanangu, haya umeyakuta au umeyaweka?" Akapiga jeki gurudumu moja la nyuma, gia ikiwa fri, akachora mstari wa chaki kwenye propela, ile shafti inayotoka gia boksi kwenda nyuma, na mwingine kwenye tairi. "Zungusha gurudumu mara mbili, polepole. Mimi nahesabu propela." Ilizunguka mara nne na kapunje kidogo. Gurudumu la pili likiwa limesimama chini, mizunguko miwili ya hili ni sawa na mmoja wa yote mawili. Difu, yaani kile kisanduku cha meno kinachopeleka nguvu ya propela kwenye magurudumu, ni ya 4.1, akasema: krauni, gia kubwa, ya meno 41, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ya meno 10.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tairi lililokua kwa asilimia 12 linalifanya gari liende kama lina difu ya 3.65. Kila gia inakuwa ndefu kuliko ilivyopangwa, yaani inakimbia zaidi na kuvuta kidogo, na klachi ndiyo inayolipa deni. Dawa yake ni krauni ileile ya meno 41 na pinioni ya meno 9, yaani 4.556. Piga hesabu na matairi yale, unarudi kwenye 4.05, karibu kabisa na gari lilivyotoka kiwandani. Tofauti yote hiyo ni jino moja.

Jino moja, ila bei yake ikae mbali nami. Kwanza, gari la fowili lina difu mbili. Kuna kijana aliniambia tubadilishe ya nyuma tu, "mbele si huitumii kila siku." Kweli, lakini siku nitakayoitumia nitakuwa kwenye tope, na magurudumu ya mbele yatataka kwenda mwendo mmoja na ya nyuma mwendo mwingine. Kitakachokatika katikati hapo ni bei ya difu mbili nyingine. Kwa hiyo ya mbele nikanunua nzima ya mtumba, haijawahi kufunguliwa, baada ya kuhesabu meno kwa kidole mwenyewe. Ya nyuma sikuipata nzima, nikachukua krauni na pinioni mpya. Jumlisha beringi, sili, oili ya difu ya GL-5 na ufundi, nilifika milioni moja na laki nne. Klachi siihesabu, roho inauma.

Na nikalipa ufundi mara mbili. Aliyefunga mara ya kwanza alipima uwazi wa meno kwa kuitikisa krauni na mkono, akasema iko sawa. Uwazi wenyewe kwa difu ile ni milimita 0.13 hadi 0.18, unene wa karatasi moja au mbili! Mkono gani unaopima hivyo? Nikifika 70 nikiachia mafuta, difu ililia mpaka Pongwe. Mzee akaifungua, akapaka rangi kwenye meno, akazungusha: alama zilikuwa zimekaa ukingoni badala ya katikati. Alicheza na shimu, vile vibati vyembamba vya kusogeza meno, asubuhi nzima, anafunga, anafungua, anapaka tena. Ukiwa na pesa kidogo, punguza kwenye chuma, usipunguze kwenye fundi mwenye geji ya kupimia.

Faida nimeiona. Amani sasa napanda kwa gia ya pili na saruji zilezile. Na spidomita imerudi kusema kweli. Zamani ikionyesha 50 nilikuwa nakwenda 56, nikipigwa tochi nabishana na askari kwa uso mkavu, kumbe muongo ni gari langu. Anayesema mabadiliko haya yanapunguza mafuta nisingemwamini haraka. Kinachorudi ni kile ambacho matairi yalikula.

Ila ukweli wangu ni huu: kama hupandi milima na mzigo, acha difu ya watu. Ukiweka 4.556 kwenye matairi ya kawaida, pale injini ilipozunguka 2500 itazunguka karibu 2780 kwa mwendo uleule. Kwa anayekwenda Dar kila wiki, kilomita 350 na ushei za lami, hiyo ni kelele na dizeli bure. Hata mimi ningeyauza matairi yale, nikaongeza kidogo nikanunua 205R16, nisingekuwa na hadithi ya kuandika. Sikufanya hivyo kwa sababu ya wale wa Ngamiani.

Juzi shemeji yangu kanunua pikapu, imeinuliwa juu kama ngazi, kaja kuniomba namba ya mzee wa difu. Nimempa kwanza ya muuza matairi. Bado hajanijibu.