Mita 3 hazisemi ya mita 300: uwanja au chumba kwa vipimo vya masafa ya chini?

Katika maabara zinazopima kelele za redio zitokazo kwenye vifaa vya umeme, kuna sharti moja la Marekani linalolalamikiwa kila mara. Kifaa kinachotoa mawimbi chini ya megahezi 30 kipimwe kwenye uwanja wa wazi. Ukitaka kukipimia chumbani, thibitisha kwanza kwamba majibu ya chumba chako yanalingana na ya uwanjani. Wengi wanaliita urasimu. Chumba cha chuma kilichopigwa vigae vya feraiti, vya kunyonya mawimbi, kimegharimu fedha nyingi, kimekaguliwa na kupewa cheti, halafu fundi anaambiwa abebe antena akasimame nyasini. Uchungu wao naujua. Hata hivyo naona sharti hili limehukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Tuanze na hicho cheti. Ukaguzi uliozoeleka, ule unaoruhusu kipimo kitofautiane na hesabu kwa desibeli 4 (kipimo cha uwiano wa nguvu ya mawimbi) juu au chini, huanzia megahezi 30 kwenda juu. Chini ya hapo, kwa miongo mingi hapakuwa na utaratibu wa kimataifa uliokubalika wa kukagua mahali pa kupimia. Na CISPR, kamati ya kimataifa inayotunga viwango hivi, iliundwa mwaka 1934 kwa ajili ya kulinda usikivu wa redio, wakati ambapo vituo vya matangazo vilikuwa hukohuko chini ya megahezi 30. Eneo lililozaa kamati likawa la mwisho kukaguliwa.

Vigae vya feraiti navyo vina mpaka. Vinanyonya vizuri kuanzia makumi ya megahezi. Kwenye kilohezi 150 wimbi moja lina urefu wa kilomita 2, na hakuna kigae wala sponji ya piramidi inayoweza kulimeza wimbi la namna hiyo. Uga wa sumaku unapita hadi kwenye chuma cha ukuta, unaamsha mkondo ndani yake, na mkondo huo unarudisha uga wake chumbani. Niliwahi kusimama ndani ya chumba kama hicho, antena ya kitanzi yenye kipenyo cha sentimita 60 ikiwa juu ya miguu mitatu, mita 3 kutoka kwenye meza. Tuliisogeza kidogo tu kuelekea ukutani. Kifaa hakikuguswa, lakini namba kwenye mashine ilibadilika. Tulichokuwa tunapima ni kifaa pamoja na kuta zake.

Sakafu ya chuma ina athari kubwa zaidi. Chukua chaja isiyotumia waya, ile unayolaza simu juu yake: koili yake imelala bapa. Juu ya chuma, koili ya namna hiyo hupata taswira, kama ya kwenye kioo, ambayo uga wake unaipinga. Piga hesabu ya kawaida ya taswira, chaja ikiwa mita 0.8 kutoka sakafuni na antena mita 1.3, kisha simama mita 10: uga wa wima unabaki chini ya moja ya tano ya ule ambao ungekuwepo bila sakafu. Udongo wenye unyevu hauko hivyo. Kwenye kilohezi 100 uga unazama ndani yake mita kama 16 kabla ya kupungua hadi theluthi hivi. Nyumbani kwa mnunuzi chaja inakaa juu ya meza ya mbao, na chini yake hakuna bamba la chuma.

Sasa umbali, ambao ndio unaoninyima usingizi. Kanuni za FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, zinaweka kikomo cha masafa ya kilohezi 9 hadi 490 kwa umbali wa mita 300. Kwa kisoma kadi cha mlangoni cha kilohezi 125, kikomo ni mikrovolti 19.2 kwa mita. Ni nadra maabara kuwa na mita 300 za ardhi tupu, kwa hiyo kanuni inaruhusu kupima karibu zaidi na kukadiria: ama upime kwenye umbali usiopungua miwili ujionee uga unavyoshuka, ama utumie desibeli 40 kwa kila umbali unapozidi mara kumi. Kanuni yenyewe inakiri kwamba huo ni mpango wa kusubiri hadi njia inayofaa ipatikane.

Kutoka mita 3 hadi 300, desibeli 40 mara mbili ni 80, yaani unagawanya kwa 10,000. Lakini kwenye kilohezi 125 eneo la karibu na chanzo linaenea hadi mita kama 380, na ndani yake uga wa koili ndogo hushuka kwa desibeli karibu 60 kila umbali unapozidi mara kumi. Hizo ni kama 120, kugawanya kwa milioni moja. Pengo ni mara 100. Mtengenezaji wa kisoma kadi kitulivu anahesabiwa kelele mara mia ya anayoitoa. Upande wa pili, kifaa kinachovujisha kelele kupitia waya mrefu, kama inveta ya sola yenye nyaya za mita nyingi juu ya paa, uga wake hushuka polepole zaidi ya desibeli 40, na hesabu ileile inakipitisha. Namba moja inamwonea mmoja na kumfunika mwingine, na hakuna atakayejua asipopima kwenye umbali miwili.

Wanaotetea chumba wana hoja nzito. Uwanjani, vituo vya redio vya masafa ya kati vinaingia moja kwa moja kwenye antena, na kelele za mji zinaweza kuzima kabisa mikrovolti 19. Mvua ikinyesha kazi inasimama. Chumbani kuna utulivu, na kipimo cha leo kinaweza kurudiwa kesho. Kwa taa, tayari kuna kitanzi kikubwa cha mita 2 kinachoizunguka taa yenyewe.

Hayo yote nayakubali. Ndiyo maana sidai kila mtu ahamie nyasini. Nadai chumba kithibitishwe kwa kulinganishwa na uwanja: vitanzi viwili, kimoja kirushe na kingine kipokee, vigeuzwe pande tatu, upotevu wa mawimbi kati yake ulinganishwe na hesabu ya uwanja wa wazi. Na kikomo kiandikwe kwa ampea kwa mita kwenye mita 3, kama kiwango cha CISPR 11 kinavyofanya kwa baadhi ya vifaa, badala ya kuulazimisha uga wa sumaku uandikwe kwa volti.

Magari ya umeme yanayochajiwa bila waya yatapitisha kilowati kadhaa kwenye masafa ya karibu kilohezi 85, koili ikiwa imelala bapa chini ya gari. Huku kwetu tunategemea sana ripoti za maabara za nje. Nikipewa moja, nafungua kwanza ukurasa wa picha: sakafu ni ya nini, ukuta uko umbali gani, na kitanzi kiligeuzwa pande tatu au kiliachwa upande mmoja.