Moko ngumu inamsaidia nani?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa utimilifu, Moko kama tunavyouita, yaani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, yanapobandikwa kwenye mbao za matangazo za shule za Dodoma, ubishi unaanza upya. Wapo wanaosema mtihani lazima ubane: afadhali mtoto alie sasa kuliko alie Januari, matokeo ya taifa yakitoka. Na wapo wazazi, pamoja na walimu wengi wa madarasani ambao kwenye vikao hukaa kimya, wanaoona watoto wanavunjwa moyo miezi michache kabla ya mtihani wenyewe, kwa maswali yaliyomfanya hata mwalimu wa somo akune kichwa.

Hoja hizi nimezisikia zikisemwa kwa nia njema, mjini na vijijini, na naamini kila upande umeshika ukweli fulani. Tatizo ni kwamba tunabishana kuhusu kiasi cha ugumu, wakati swali la kwanza lingekuwa ugumu wa nini, na unamkuta mtoto wakati gani.

Wanaotaka ugumu wana ushahidi mzito kuliko wanavyojua. Mwaka 1994 Robert Bjork, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliandika kuhusu ugumu wenye manufaa: yale yanayofanya kujifunza kuonekane kwa taabu leo mara nyingi ndiyo yanayofanya somo likae kichwani. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likafunga karatasi na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Wasomaji walibaki na asilimia 40, waliojijaribu walikuwa na 61.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Doug Rohrer na Kelli Taylor, wa mwaka 2007, kwa sababu unagusa Hisabati, somo ambalo kwa miaka mingi ni kama mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye amekuwa akilifaulu Kidato cha Nne nchini. Waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo ya aina nne. Wengine walipewa mazoezi ya umbo moja hadi yaishe, ndipo umbo linalofuata. Wengine walichanganyiwa. Wakati wa mazoezi, waliopangiwa umbo moja moja walipata asilimia 89, na waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye, wa kwanza walikuwa wameporomoka hadi 20 na wa pili wako 63.

Sasa fungua kitabu chochote cha Hisabati cha sekondari. Mada ya logi ina zoezi la logi, maswali kumi na kitu, yote ya logi. Kijana wa Chamwino anayeyafanya hana haja ya kujiuliza swali linataka nini. Jibu la hilo limeandikwa juu ya ukurasa. Anapata yote, mwalimu anaweka vema, wote wanaridhika. Siku ya Moko anakutana na logi ikifuatiwa na uwezekano, kisha pembetatu, kisha hesabu ya faida na hasara ya muuza zabibu, na kwa mara ya kwanza anatakiwa achague njia mwenyewe. Hapo anaonekana hajui, na mwalimu anaona ametungiwa mtihani mgumu. Kilichomwangusha ni wepesi wa mazoezi ya miezi yote iliyotangulia.

Kwa hiyo ugumu unafundisha. Lakini msomaji asikimbilie kutoa maswali ya juu kwa kila mtu. Bjork mwenyewe ameweka sharti: ugumu huwa na manufaa pale tu mwanafunzi anapokuwa na uwezo wa kuushinda. Na John Sweller wa Australia, ambaye tangu mwaka 1988 amekuwa akieleza jinsi kichwa kinavyolemewa, anatukumbusha kwamba nafasi ya kufikiria mambo mapya kwa wakati mmoja ni finyu. Anayeanza mada akipewa swali zito, nguvu zake zote huishia kwenye kupapasa, na hakuna kinachobaki cha kujifunza. Huyo hunufaika zaidi akioneshwa mfano uliofanywa hatua kwa hatua. Akishazoea, mifano ileile haimsaidii tena, na ndipo apewe mzigo.

Katika darasa lenye wanafunzi wengi kupita kiasi, na tunayo mengi mkoani hapa, wote wawili wamekaa dawati moja: anayehitaji mfano na anayehitaji mzigo. Simlaumu mwalimu anayeshindwa kuwatenganisha.

Halafu upo ugumu ambao haustahili sifa yoyote. Mtoto wa Bahi aliyekua akizungumza Kigogo nyumbani, au wa Kondoa aliyekua na Kirangi, amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, na Kidato cha Kwanza anakutana na Fizikia kwa Kiingereza. Swali la jiwe lililorushwa juu linaweza kuwa jepesi kabisa kwake. Sentensi iliyolibeba ndiyo inayomshinda. Anaandika pumba au anaacha wazi, na karatasi inasema hajui mwendo. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Norway wameandika kwa miaka mingi kwamba lugha ya kufundishia ni ukuta unaozuia maarifa, na mradi wa LOITASA, wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, ulioanza mwaka 2002, ulichunguza jambo hili hasa. Naelewa hoja ya wanaosema Kiingereza ni sehemu ya elimu ya sekondari na mtihani wa taifa utakuja kwa lugha hiyohiyo. Hata hivyo, mtunzi wa Moko anayechagua neno gumu mahali ambapo jepesi lipo hajapandisha kiwango cha Fizikia hata kidogo.

Na hapa ndipo walimu wa taaluma wangetusaidia sana, kwa kazi isiyohitaji kompyuta. Wataalamu wa upimaji hupima ugumu wa swali kwa kuhesabu: kati ya watoto 100 waliolifanya, wangapi wamelipata? Kisha huangalia kama swali linatenganisha. Chukua asilimia 27 ya watoto waliofanya vizuri zaidi kwenye mtihani mzima na asilimia 27 waliofanya vibaya zaidi, desturi inayotokana na kazi ya Truman Kelley ya mwaka 1939, ulinganishe wangapi kila upande wamelipata swali hilo. Swali walilolikosa wote halijasema lolote kuhusu nani anajua. Swali la kuchagua jibu kati ya manne likipatwa na watoto 15 kati ya 100, lina kasoro au lina mtego, maana kwa kubahatisha tu wangelipata kama 25. Mtihani uliojaa maswali ya aina hiyo mtu anaweza kuuita mkali, lakini kama kipimo ni butu.

Tena tuwe waangalifu na neno kufeli. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa zaidi ya nusu ya watahiniwa daraja sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume; mwezi Mei serikali ikayafuta na kuagiza yaandaliwe upya kwa utaratibu wa mwaka 2011, na waliofaulu wakaongezeka. Watoto walikuwa walewale na majibu yaleyale. Wengine walisema kiwango kimeshushwa kisiasa, wengine kwamba haki imerudishwa. Kwangu, funzo lake kwa Moko ni dogo na la kivitendo: asilimia ya ufaulu inatoka kwa mtoto, kwa swali, na kwa mstari uliochorwa na mtu mzima. Kuzipanga shule za wilaya kwa asilimia hiyo, kisha kumwita mwalimu mkuu ajieleze, ni kuibebesha namba kitu isichoweza kukibeba.

Ninapoegemea mimi panatokana na uchambuzi wa Christopher Rowland wa mwaka 2014, uliokusanya majaribio mengi kuhusu faida ya kujijaribu. Faida ipo, na huwa kubwa zaidi mwanafunzi anapooneshwa majibu sahihi. Lakini pale ambapo wanafunzi walipata nusu au chini ya hapo, na hawakurudishiwa majibu, faida haikuonekana.

Mtazame mtoto aliyepata 18 kwenye Moko ya Hisabati. Karatasi yake imesahihishwa kwa haraka, pengine shule nyingine, na kilichomrudia ni alama iliyobandikwa ubaoni mbele ya wenzake. Hajui swali lipi alikaribia na lipi alipotea kabisa. Kwa huyu, wanaolalamika wako sahihi: ugumu ule haukumfundisha kitu. Mwenzake aliyepata 62 huenda amenufaika hata bila kurudishiwa. Mtihani huohuo, siku ileile, umemwinua mmoja na kumwacha mwingine alipokuwa, na kwa bahati mbaya huyo aliyeachwa ndiye tuliyesema tunambana kwa faida yake.

Najua jibu la walimu: muda hautoshi, mada hazijaisha, karatasi ni nyingi. Ni kweli. Lakini siku zile zile tunapata muda wa mitihani ya ujirani mwema, inayofanywa na shule jirani kwa pamoja, ya kata, ya wilaya na ya mkoa, na michango ya wazazi ya kuichapisha. Ningeondoa miwili kati ya hiyo bila kusita, na siku zake nizitumie kukaa na karatasi za Moko, swali kwa swali, watoto wakisahihishana na kueleza kwa Kiswahili walichokuwa wanafikiria. Kambi za kitaaluma nazo zingeanza na mazoezi yaliyochanganywa, yasiyotangazwa alama wala nafasi. Humo ndimo ugumu uwekwe, kwa wingi, mahali ambapo mtoto akikosa hakuna anayemwandika popote.

Na mtunzi wa Moko, kabla ya kuandika swali, ajiulize kama yule wa 18 anaweza kulifikia akifundishwa wiki tatu zijazo. Likiwa nje ya hapo, aliache.