Msomaji asiye na umri

Niliondoka Tanga Agosti 2009, mwezi mmoja tu baada ya SEACOM, mkonga wa intaneti upitao chini ya bahari, kuanza kazi Dar es Salaam. Mtaani kwetu Ngamiani intaneti bado tulikuwa tunailipia kwa nusu saa, na picha moja inafunguka kuanzia juu kidogokidogo, mpaka ufike miguuni muda wako umekwisha. Nasema haya ili usinicheke. Maana wiki ya tatu ya chuo, huku Ohio, Marekani, mwalimu wa somo la uandishi alitupeleka maabara ya kompyuta akatuambia leo tunahamia kisiwani.

Kisiwa chenyewe kilikuwa ndani ya Second Life, ulimwengu pepe wa kwenye kompyuta, uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco mwaka 2003. Miaka ile vyuo vingi vya Marekani vilikuwa vimekodi maeneo humo, kila eneo mita 256 kwa 256, vikajenga madarasa, kumbi, hata maktaba zenye ngazi. Humo ndani kila mtu anaweza kuruka kama kunguru. Mpaka leo sijaelewa ngazi zilikuwa za nini.

Kwanza ujisajili. Jina la kwanza unajitungia mwenyewe, la pili unalichagua kwenye orodha waliyokuwekea. Huo ndio uliokuwa utaratibu, wakaja kuufuta 2010. Niliikodolea macho ile orodha. Kwetu jina la pili ni la baba, la tatu la babu, na bibi yangu ukimwacha ataendelea kuwataja mpaka mnafika Pangani. Hapa nachagua ukoo kama soda kwenye friji! Nikachukua mmoja uliosikika Kiitaliano, basi nikawa Mtaliano.

Halafu mwili. Urefu, rangi, pua, kiuno, vyote unavivuta kwa kipanya. Wenzangu walifurahi sana. Kijana aliyekaa kushoto kwangu alijigeuza mbwa mwitu mwenye koti la suti. Mimi nilihangaika kutafuta mtandio. Nguo za bure zilikuwepo tele, ila nyingi zilikuwa za kwenda kuogelea. Nikaishia kununua kitambaa kwa sarafu yao, Linden dola, ambazo mia mbili na zaidi zilikuwa sawa na dola moja ya Marekani. Kwa bei hiyo hata mwanafunzi wa kigeni anaweza kujisitiri.

Kilichonishinda ni salamu. Tulitakiwa tukae mahali kwa muda wa saa mbili, tuangalie watu wanavyoishi, tuzungumze nao, kisha tuandike insha ya kurasa tano. Nikaenda kukaa ufukweni. Mawimbi yalikuwepo, harufu ya chumvi haikuwepo. Akaja mtu. Ukiandika ujumbe humo, avata yako, yaani ule mwili uliojichorea, inanyanyua mikono na kupapasa hewa kama karani anayepiga taipu, na sauti ya vibonye inasikika. Nikanyanyua mikono yangu. Nikabaki hivyohivyo, nimeinyanyua, sijui niandike nini.

Maana yule mtu alikuwa na umbo la msichana wa miaka ishirini, naye huenda ni babu wa miaka sabini anayeishi Kanada. Nimpe shikamoo? Nimwambie mambo? Kiswahili changu chote kinaanzia hapo, kwenye kujua nani katangulia kuzaliwa. Ukinikosesha umri wa mtu umenikosesha sentensi ya kwanza. Kwa Kiingereza nilimuuliza hali yake, na ya safari yake, na ya watu wa kwake. Akanijibu herufi mbili, akapaa.

Rasimu yangu ya kwanza niliiandika usiku kucha. Nilianza na mwanadamu tangu kuumbwa kwake. Nikaja kwenye maendeleo ya sayansi na teknolojia, kisha Tanga, kisha wahenga, kisha nikamshukuru mwalimu kwa fursa. Nilikuwa najiamini, maana insha za namna hiyo ndizo zilizonipa alama nzuri tangu kidato cha pili: utangulizi, kiini, hitimisho, na methali iwe mlangoni. Ilirudi na alama C, na mstari mmoja wa kalamu ya kijani. Mwalimu alikuwa amezungushia duara sentensi ya ukurasa wa tatu, isemayo kwamba humu hakuna mkubwa wala mdogo, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuanza kusalimia. Pembeni kaandika: insha yako inaanzia hapa.

Kurasa mbili na nusu zilizotangulia hakuzigusa. Hilo liliniuma kuliko ile C.

Nilikwenda kwenye kituo chao cha uandishi, mahali ambapo mwanafunzi wa juu anakaa nawe nusu saa bila malipo na kusoma kazi yako. (Hiki kitu nakitamani nyumbani kuliko kompyuta zote.) Dada aliyenisaidia akanionyesha makala ya Robert Kaplan ya mwaka 1966, maarufu kwa michoro yake. Yule bwana alichora namna watu wa lugha mbalimbali wanavyopanga aya zao: Kiingereza ni mshale ulionyooka kwenda chini, watu wa Asia ya Mashariki mzunguko kama konokono, Kirusi na lugha zilizozaliwa na Kilatini mistari inayokatakata, lugha za Kisemiti kama Kiarabu inayokwenda sambamba. Akaniambia, kwa upole, huenda mimi ni konokono. Nikaitazama michoro mmoja mmoja. Wabantu hatukuwepo. Hata kupinda hatukuchorewa.

Michoro ile imeshakosolewa sana, na ni haki yake. Kwangu kosa lake ni kudhani kwamba anayezunguka hajui anakokwenda. Mgeni anayebisha hodi mara tatu anajua sana alichokuja kuomba. Anampa mwenye nyumba muda wa kuvaa shati. Zile kurasa mbili na nusu zilikuwa hodi. Nilikuwa namwandikia mtu mzima, nampa nafasi, siingii kwake na shida mkononi kama mdai. Wao wanaona hodi ni kupoteza wakati wa msomaji. Ni adabu mbili tofauti, na yao nayo ni adabu, ingawa wanaiita kufikiri vizuri.

Likaja la wahenga. Nilikuwa nimeandika kwamba wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Yule dada akauliza: walisema wapi? Nilidhani ananitania. Akafungua mwongozo wa MLA, kitabu cha kanuni za kutaja vyanzo, toleo la saba, ndiyo kwanza limetoka mwaka uleule, ambalo lilikutaka useme kila chanzo kama ni cha kuchapwa au cha mtandaoni. Mwongozo wenyewe unaruhusu methali zinazojulikana zitumike bila kutaja chanzo. Zinazojulikana na nani? Yangu haikuwa inajulikana Ohio. Basi nikanunua kadi ya simu ya dola tano, nikakwangua namba, nikampigia bibi. Baada ya salamu, ambazo zilikula theluthi ya kadi, nikamuuliza methali ile kaitoa wapi. Kwa mama yake. Na mama yake? Bibi akacheka: “We mtoto, umekwenda kusoma au kupeleleza?”

Bibi yangu aliingia kwenye orodha ya marejeleo kama mahojiano binafsi, jina lake kamili, tarehe ya simu, katikati ya maprofesa wawili. Alfabeti haiangalii vyeti.

Pale ndipo nilipobadilika mawazo, na ndilo hasa ninalotaka kuwaambia wenzangu wanaojiandaa kuja. Tulipokuwa nyumbani tulikuwa tunaona kunukuu ni ukaguzi, kama askari wa barabarani anayetaka leseni. Mimi nasema kunukuu ndiyo shikamoo yao. Watu hawa wasioamkia mzee barabarani, wanaomwita profesa kwa jina lake la kwanza, ukishika kalamu wanakudai umtaje kila aliyekutangulia, kwa jina, kwa mwaka, na ukurasa alikosimama. Ukimruka wanakuita mwizi na wanaweza kukufukuza chuo. Sisi tunaowaheshimu wakubwa kwa magoti tunayachukua maneno yao kwenye maandishi bila hata kutaja nani kayasema. Sekondari nilinakili notisi za ubaoni, nikazikariri, nikazirudisha kwenye mtihani neno kwa neno, na kadiri zilivyofanana ndivyo alama zilivyopanda. Mwandishi wa kitabu kile cha historia sikuwahi kumjua hata jina. Huo nao ni utovu wa adabu, tusidanganyane.

Na kuna hili jingine, gumu zaidi kulisema mbele ya wajomba. Msomaji asiye na umri alinipa ujasiri. Muhula wa pili niliandika kurasa nane nikimpinga mwandishi mmoja wa kitabu tulichopewa darasani, mtu mwenye shahada kuliko vidole vyangu, nami nina miaka kumi na tisa. Hakuna aliyeniuliza mimi binti wa nani. Waliniuliza ushahidi. Nyumbani nisingethubutu, na kama ningethubutu, ningezunguka sana mpaka yule mzee angedhani nimekubaliana naye. Kuna mambo Tanga yanahitaji kusemwa na binti wa miaka kumi na tisa, na hayasemwi kwa sababu shikamoo imekuja kwanza na marahaba ikafunga mjadala.

Lakini usidhani nimewauzia roho. Mtindo ule ukikuingia hautoki ukitaka. Mwishoni mwa mwaka nilimtumia mama ujumbe wa simu: “Nahitaji nakala ya cheti cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa.” Hoja kuu, sentensi ya kwanza, kama nilivyofunzwa. Mama akapiga simu papo hapo, kwa bei ya kupiga Marekani, anahema. Nani amefariki? Ujumbe usio na salamu kwetu una maana moja tu. Ilinichukua dakika kumi kumtuliza, na hizo dakika kumi alizilipia yeye.

Na upweke wake nimeuonja. Miaka minne nimekaa jengo moja na watu ambao nao walikuwa kama wa kule kisiwani: neno moja kwenye korido, kisha kila mtu anapaa kwenda zake. Insha isiyobisha hodi naiweza. Jirani asiyebisha hodi bado ananishinda.

Kisiwa cha chuo chetu kimekwisha. Mwishoni mwa 2010 Linden Lab walitangaza kufuta punguzo la bei walilokuwa wanavipa vyuo, na ingawa walilirudisha miaka michache baadaye, wengi walikuwa wameshaondoka. Maktaba yetu yenye ngazi ilifutwa bila hata tofali kuanguka.

Sasa mdogo wangu yuko chuoni Dodoma. Juzi kanitumia kwa WhatsApp kazi yake ya kwanza niipitie, kuhusu bei ya mkonge. Aya ya kwanza ina mistari sita: elimu ni ufunguo wa maisha, tangu enzi za mababu, na kadhalika. Bei ya mkonge inaingia mstari wa saba. Nikaanza kufuta. Nikafuta minne, nikasita, nikamrudishia.

“Shikamoo dada,” akaandika. “Ahsante sana. Mbona hii miwili umeiacha?”

“Marahaba,” nikamwandikia. “Hiyo ni hodi. Ya tatu ndiyo imezidi.”